Joackim Karugendo na Enanga Isiyotoka Maktaba

Baba Paroko, viongozi wa kigango na wa kitongoji, wenzake marehemu mliotoka chuoni, wafiwa wote mliokaa kwenye nyasi na nyinyi mliosimama migombani kwa kuwa viti vimekwisha, naomba mnipokee. Naitwa Eliud Lwakatare, mume wa Georgina ambaye ni dada wa marehemu, kwa hiyo mimi ni mulamu wake, shemeji, na miaka yote hiyo hatukukutana hata mara moja bila mmoja kumtania mwenzake, ndiyo maana juzi familia ilipokaa kutafuta msomaji ikawaruka wenye digrii wote waliokuwepo ikaniangukia mimi wa darasa la saba, kwa sababu sauti yangu haihitaji spika, nikikohoa hapa Kimwani wavuvi kule visiwani wanaanua dagaa wakidhani ni radi. Marehemu aliichukia sauti hii kuliko alivyowachukia mchwa, na mchwa aliwachukia kweli kweli. Leo ndiyo inayomsindikiza, waitu, ndugu zangu.

Ndugu yetu Joackim Karugendo alizaliwa tarehe 14 Machi 1968, hapa hapa Kimwani, wilaya ya Muleba, katika nyumba ya nyasi iliyosimama pale ilipo sasa mibuni ya upande wa bonde, akiwa mtoto wa pili wa marehemu Mzee Karugendo na marehemu Ma Bernadeta, kaka yake mkubwa ni Alexander, huyu hapa mstari wa mbele, na mdogo wao ni Georgina, mke wangu. Alizaliwa mdogo sana, wanasema mkunga alimtafuta kwenye kanga dakika nzima, na hakuongezeka sana baada ya hapo.

Baba yao alikuwa mkulima wa kahawa na ndizi kama sisi wote, lakini watu walimjua kwa enanga, kile chombo cha mti kilichochimbwa kama mtumbwi mdogo na kuwambwa nyuzi za mishipa ya ng'ombe, na mzee akikipiga, nasema nilichokiona kwa macho yangu, ng'ombe walikuwa wanaacha kutafuna, na mke aliyekimbilia kwao anarudi mwenyewe na mzigo wake kichwani bila kufuatwa. Katika nyumba hii ilikuwa desturi kwamba mtu mzima wa nyumba akifa anapigiwa enanga hiyo kabla ya kushushwa, asiende kimya kama mtu asiye na kwao. Vidole vya baba alivirithi Alexander. Joackim naye alijaribu, mbuzi wakakata kamba wakaenda mpaka Rulanda, tangu hapo kazi zikagawanywa, Alexander wa kupiga, Joackim wa kufuta vumbi, na alifuta vumbi hilo vizuri kuliko mtu yeyote katika wilaya hii.

Alianza shule ya msingi hapa Kimwani mwaka 1976, akamaliza mwaka 1982, akafaulu kwenda sekondari Bukoba mjini, akakaa kwa shangazi yake kule Kahororo, akamaliza kidato cha nne mwaka 1986. Mimi wakati huo nilikuwa nimeshaacha shule kwa hiari yangu, kwa sababu walimu waliona nimewazidi. Alikaa nyumbani akilima, mwaka 1991 akapata ukarani kwenye ghala la kahawa Muleba mjini, mwaka 1994 akaenda Bagamoyo kusomea ukutubi, na alipotuaga mama yake alimuuliza hiyo ni kazi gani, akasema, "Mawe," yaani mama kwa Kihaya, "ni kutunza vitabu na kuwapa watu." Mama akamwambia, "Kuwapa najua, hata mimi nawapa watu sufuria zangu. Je, wanarudisha?" Akajibu, "Ndiyo tunayokwenda kusomea."

Akarudi na cheti chake Desemba 1995, akafanya kazi katika maktaba ya shule ya sekondari kule Kahororo, na tarehe 3 Machi 2003 akaajiriwa maktaba ya chuo kikuu pale Bukoba, akiwa msaidizi wa mkutubi kwenye kaunta ya kuazima vitabu, na kaunta hiyo hakuiacha mpaka figo zilipomtoa.

Wengi wenu hamjafika maktaba ile, mimi nimefika na nimetolewa. Ina vitabu ambavyo ukivipanga njiani vinatoka Bukoba vinafika Mutukula, vinaingia Uganda, vinanunua chumvi vinarudi. Ina ukimya ambao ukikaa ndani yake kidogo tu unasikia kucha zako zikiota. Unaingia, begi unaliacha mlangoni kwenye visanduku, simu unaizima, kitambulisho unakitoa, na nyuma ya kaunta unaona miwani tu, mwenye miwani humwoni kwa sababu ya ufupi, lakini yeye ameshakuona tangu uko getini. Mwanafunzi alipewa vitabu vinne kwa wiki mbili, mwalimu alipewa zaidi na kwa muda mrefu zaidi, vitabu vya akiba vile vinavyogombewa na darasa zima vilisomwa humo humo ndani kwa saa mbili ukimwachia mwenzako, majarida na tasnifu havikutoka kabisa, na mwanafunzi aliyemaliza chuo hakupata saini ya kwenda kuvaa joho mpaka Joackim aseme jina lake ni safi. Wapo mliokaa hapa leo ni mameneja na mahakimu, mlilia mbele ya ile kaunta mkisema kitabu kimeliwa na mbuzi, naye akawauliza mbuzi wa rangi gani, na kesho yake kitabu kikapatikana chini ya godoro.

Msije mkadhani alikuwa mtu wa kukataza tu. Sheria ya pale iliruhusu mtu wa nje ya chuo aingie kusoma, akiwa na barua ya mwenyekiti wa mtaa, lakini hakuna aliyeijua sheria hiyo mpaka Joackim alipoanza kuitangaza sokoni, kwenye kigango, kwenye misiba kama huu, wakaanza kuja wavuvi wa visiwani wakiwa Bukoba kuuza samaki, wakija wameoga, wanasoma magazeti mpaka mashua ya kurudi, na Jumamosi wanakuja wanafunzi wa sekondari za Kahororo wasio na taa kwao. Mtu akimuuliza kitabu ambacho maktaba haina, hakusema hakuna, alisema, "Nipe wiki," akaandika Mwanza, akaandika Dar es Salaam, kitabu kikaja kwa basi kama mgonjwa aliyepona.

Na sheria hizo alikuja nazo mpaka nyumbani, hapa ndipo nilipoteseka. Aliniazima ngazi. Akanitajia siku ya kuirudisha, mimi nikacheka, siku ile ile ilipofika nikasikia hodi, Joackim amesimama na baiskeli, ametoka kwake Bakoba, pale Bukoba mjini, kilometa zote hizo, anasema, "Mulamu, ulitakiwa kuirudisha leo, au unaongeza muda?" Nikamwambia naongeza muda. Akasema, "Muda unaongezwa kabla haujaisha, na kuna mtu mwingine anaisubiri." Nikamuuliza nani huyo anayesubiri ngazi. Akasema, "Mimi." Akaifunga kwenye baiskeli akaondoka nayo.

Tarehe 28 Desemba 1996 alifunga ndoa takatifu na Joanitha, mwalimu wa shule ya msingi, katika kanisa la hapa kwetu, na Mzee Karugendo akapiga enanga toka mchana mpaka kuku walipoingia kulala, nadhani hata ziwa lilisogea karibu kidogo kusikiliza. Mungu akawajalia watoto watatu, Stellah ambaye ni muuguzi, Oliva ambaye anasomea ualimu, na Ismael ambaye alitutoka akiwa na miezi saba, mwaka 2004, kaburi lake ni hili dogo lenye maua, na baba yake leo atalala kando yake kama alivyoomba.

Sasa nafika mahali pagumu, na nimeambiwa na baadhi ya wakubwa niparuke, lakini historia yenye tundu katikati si historia, tena kila aliyekaa hapa anaijua habari hii nusu nusu, afadhali muisikie nzima.

Mzee Karugendo alifariki mwaka 2006, na Alexander akampigia enanga pale pale uani, kila mtu analikumbuka lile pigo. Baada ya hapo enanga ikawa ya kila mtu, ikaazimwa harusini, ikaazimwa jubilei, ikaazimwa na watu wa kampeni, na Alexander kwa moyo wake mweupe hakuweza kumwambia mtu hapana. Mara ya mwisho ilikwenda kisiwani kwenye harusi ya mfanyabiashara wa samaki, ikakaa huko msimu mzima, iliporudi ilikuwa na ufa ubavuni, nyuzi hazipo, na inanuka dagaa, kwa sababu mtu alikuwa anaanikia dagaa humo. Mimi nilikuwepo nakunywa lubisi, pombe yetu ya ndizi, pale jikoni kwa mama mkwe. Ma Bernadeta aliipokea, akaipakata kama mtoto aliyeumia, na Joackim alipokuja mwisho wa wiki akampa mikononi akamwambia, "Ipeleke huko kwako, kwenye vitu visivyotoka."

Maktaba ile ina chumba cha ndani wanachokiita Makusanyo Maalumu, kina vitabu vya Kihaya vya zamani, karatasi za vyama vya kahawa, picha za watu ambao wajukuu wao hawawajui, na vitu vya namna hiyo ambavyo vikipotea havinunuliki tena hata ukiwa na dunia nzima mfukoni. Sheria yake ni moja, kitu cha chumba kile hakitoki, anayekitaka anakuja mwenyewe, ananawa mikono, anakaa, anakitumia pale pale, anakiacha. Enanga ikaingia humo mwaka 2009. Alikuja mtu mkubwa akaitaka kwa ajili ya kupokea wageni, Joackim akamwambia wageni waje. Alikuja mwalimu wa chuo na kibali chake anataka kwenda nayo kwenye maonyesho, Joackim akamwonyesha kiti. Wakakasirika wote wawili, nayo haikutoka.

Tarehe 3 Aprili 2016 Ma Bernadeta akafariki hapa Kimwani. Asubuhi yake Alexander akakodi pikapu, akanichukua, tukaenda Bukoba kuifuata enanga ya baba aje ampigie mama yake, kama desturi ya nyumba inavyotaka. Joackim alikuwa amepitia maktaba kuaga kazini, amefunga kitambaa cheusi mkononi, macho yamevimba. Alexander akamwambia alichokifuata. Joackim akasema, "Kaka, haitoki." Alexander akasema, "Mama amelala kule Kimwani, wewe unaniambia haitoki?" Joackim akasema, "Mama ndiye aliyeileta ili isitoke. Nikimtolea mama yangu, kesho nitamzuia nani?" Ndipo Alexander akasema lile neno, na alilisema polepole, "Kwa hiyo nimlete mama na jeneza lake hapa kwenye kaunta yako?"

Joackim alivua miwani akaifuta, akaifuta tena, wanafunzi wamegeuka wote wanatutazama. Mkuu wa maktaba wa wakati ule alitoka ofisini akamwambia andika maombi nitayasaini, naye hakuandika. Mimi nikaanza kusema nilivyoona, kwa sauti hii hii, mlinzi akanitoa nje. Tukarudi na pikapu tupu, na Ma Bernadeta akashushwa pasipo enanga, ikisikika mvua tu kwenye majani ya migomba. Joackim alisimama mwisho kabisa wa watu, na nilipomwona pale nilimwonea huruma, nilikuwa na hasira naye na huruma pamoja, sijui kama mnanielewa.

Tangu siku hiyo Alexander hakumsemesha ndugu yake. Krismasi walikaa kibanja kimoja, shamba lile lile la nyumbani, mmoja akipokea chakula huku mwingine kule. Wake zao waliongea, watoto waliongea, hata ng'ombe waliongea, wao hapana, na maktaba Alexander aliapa hatakanyaga.

Ugonjwa wa figo ulimwanza marehemu mwaka 2022, alianza kuvimba miguu, akatibiwa Bukoba, mwaka 2024 akawa anakwenda hospitali ya rufaa Mwanza kusafishwa damu, anavuka anarudi, anavuka anarudi, mpaka mwili ukabaki miwani na jina. Akiwa kitandani nyumbani kwake Bakoba mwezi wa tisa mwaka huu alinituma kwa Alexander, na maneno yake nayasema yalivyo, "Mwambie kaka aje kuipiga. Siku yoyote, Jumatatu mpaka Jumamosi. Mimi nitakuwepo." Nikampelekea Alexander ujumbe, nikamkuta anapalilia. Alexander akasema, "Na mama alipokufa, naye aliuliza kwanza ni siku gani wanafungua?" Akaendelea kupalilia.

Joackim Karugendo alifariki dunia Jumanne, tarehe 11 Novemba 2025, asubuhi, mke wake akiwa amemshika mkono, akiwa na umri wa miaka hamsini na saba.

Jana mchana tukiwa msibani Bakoba alikuja mkuu wa maktaba wa sasa, Daktari Magdalena Mhoja, huyu hapa, Msukuma wa watu, akapiga magoti mbele ya wafiwa akasema chuo kimekaa, na kwa heshima ya mtu aliyewatumikia hivi, chuo kimeruhusu enanga itoke, itakuja Kimwani ndani ya sanduku lake, ipigwe, irudi. Waitu, uwanja mzima ulipumua. Mke wangu alianza kulia kwa shukrani, wazee wakasema chuo kina utu, mimi nikaanza kuwaza nitakavyoisimulia habari hiyo miaka ishirini ijayo nikiongeza na tembo wawili.

Ndipo Joanitha akainua kichwa kwenye mkeka. Akasema, "Nawashukuru sana, lakini hapana." Watu wakadhani hakusikia vizuri, wakamweleza tena. Akasema, "Nimesikia. Alimnyima mama yake mzazi. Leo itoke kwa ajili yake yeye? Basi mama alinyimwa bure, na huyu mtakuwa mmemfanya mwongo akiwa amelala hawezi kujibu."

Mzee mmoja akajaribu, "Mama, lakini desturi ya nyumba." Joanitha akasema, "Desturi naijua, baba. Na yeye aliijua." Ikawa hivyo, tumebanwa pande zote, ikitoka tunamtukana mama aliyelala hapa, isipotoka mtoto wa Karugendo anazikwa kimya kama mama yake, na sisi wote tunakwenda kwenye makaburi yetu na donge hilo.

Alexander alikuwa amesimama nje ya turubai, mahali anaposimama mtu aliyekuja kwa sababu ni lazima. Sauti yake tuliisikia kabla hatujamwona. Alisema, "Basi apelekwe yeye."

Sehemu hii inayofuata nimeiandika ndani ya gari leo tukija, barabara mnaijua, mwandiko umerukaruka, mnivumilie.

Leo asubuhi tulitoka chumba cha maiti hatukuja moja kwa moja huku. Tulikwenda chuoni. Milango miwili ya maktaba ilifunguliwa yote, meza za kusomea zilisogezwa, wanafunzi waliokuwa wanasoma walisimama kwenye viti vyao bila kuambiwa. Simu tulizizima. Mabegi tuliyaacha mlangoni, hata padre aliacha mkoba wake. Tukampitisha Joackim mbele ya kaunta yake, tukamweka katikati, na mimi niliyetolewa mle mwaka 2016 nilipita mbele ya mlinzi yule yule, naye akaweka kidole mdomoni mwake kunionya, nikaitikia kwa kichwa.

Alexander alinawa mikono bombani kwa sabuni, alinawa muda mrefu, kama mtu anayetaka maji yaishe. Daktari Magdalena akaleta enanga kutoka chumba cha ndani, imefunikwa kitambaa cheupe. Alipoifunua Alexander aliitazama bila kuigusa. Ule ufa wa kisiwani ulikuwa umeshonwa kwa waya mwembamba wa shaba, na ilikuwa na nyuzi zote, mpya, za mishipa ya ng'ombe. Akauliza, "Nani amewamba nyuzi hizi?" Daktari Magdalena akasema, "Yeye. Alikuwa anazibadilisha kila zikilegea. Tulimuuliza anambadilishia nani, maana kupiga hajui, akasema kuna msomaji atakuja."

Alexander akakaa kwenye kiti. Alizikaza nyuzi kidogo sana, zilikuwa karibu sawa, yule wa mbuzi kukata kamba alikuwa amezifikisha karibu sawa. Halafu akapiga, lile pigo alilompigia baba yao, na mnajua mimi ni mtu wa kuongeza, ningependa niwaambie vitabu vilishuka kwenye rafu vikapiga magoti, lakini sitaongeza. Mzee mmoja alipiga enanga ndani ya chumba chenye watu waliosimama, ikasikika mpaka pembeni. Katikati ya wimbo aliacha kumtaja Joackim akaanza kumtaja Ma Bernadeta, akampigia na yeye deni lake lote la miaka hii, na mke wangu akakaa chini sakafuni.

Alipomaliza, mtu mmoja nyuma yangu alinong'ona, "Si imeshatoka chumbani, twende nayo basi, kaburi liko huko." Alexander alimsikia. Aliifuta kwa kile kitambaa cheupe, nyuzi, ubavu, hadi kwenye ufa, polepole, kazi ambayo tangu utotoni haikuwa yake, akaibeba mwenyewe mpaka chumba cha ndani, akaiweka mahali pake, akarudi kwenye jeneza akaweka kiganja juu yake, akasema, "Nimekuja, mdogo wangu. Umekuwepo."

Kwa hiyo nyinyi mliokuja kutoka mbali mkiangaza macho mnauliza mbona leo hapa hakuna enanga, jibu ndilo hilo. Iko Bukoba. Jumatatu mpaka Jumamosi. Mnakwenda wenyewe.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Bukoba na wa Mwanza waliopigania mwili huu mdogo kana kwamba ulikuwa mkubwa, inawashukuru majirani wa Bakoba waliopika, walioteka maji na waliolala nje siku zote hizi, ndugu na jirani wa Kimwani waliochimba kaburi mvua ikinyesha, walimu wenzake Joanitha, uongozi wa chuo, Daktari Magdalena na wafanyakazi wote wa maktaba waliosogeza meza zile, wanafunzi waliosimama, Baba Paroko na wanakwaya, na kama kuna mtu nimemsahau asikasirike, aongeze muda, nitamfikia.

Joackim, mulamu wangu, mara zote ulizoniambia nipunguze sauti sikukusikiliza hata mara moja, mwache leo kila mtu hapa ashuhudie kwamba haya ya mwisho nimeyasoma taratibu, wa nyuma wasiponisikia wasogee. Pumzika kwa amani, mtoto wa Karugendo na Bernadeta. Umepigiwa. Tumekurudisha nyumbani, kwa wakati.